Lehemu kwenye damu na saratani ya matiti: mshale unaelekeza wapi?

Karatasi ya vipimo vya mafuta kwenye damu huwa na mistari minne: kolesteroli (lehemu) yote kwa jumla, LDL (lehemu mbaya), HDL (lehemu nzuri) na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta. Mstari wa LDL ukitoka na mshale unaotazama juu, daktari huanza na habari za moyo na kiharusi. Kuna wanawake wanaouliza na jingine: mafuta haya hayatanipa saratani ya matiti?

Wanaosema yatakupa wana hoja nzito. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa 27-hidroksikolesteroli, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na kolesteroli, hujifanya estrojeni, homoni ya kike. Hunasa kwenye vipokezi vya homoni hiyo na kuuchochea uvimbe ukue, na kwa panya iliusaidia hata kusambaa. Saratani nyingi za matiti hulishwa na estrojeni, kwa hiyo jambo hili si la kupuuza. Ila panya ni panya.

Kwa binadamu mambo yanavurugika. Tafiti kadhaa zilizofuatilia wanawake kwa miaka hazikuona uhusiano wa maana kati ya kolesteroli ya jumla na saratani hii. Nyingine ziliwakuta wenye kolesteroli ya juu wana hatari ndogo kidogo! Huenda saratani iliyojificha hushusha kolesteroli kabla haijagunduliwa, na namba ya chini ikadhaniwa chanzo kumbe ni matokeo.

Kiroja chenyewe ni HDL, ile tunayoiita lehemu nzuri. Wachunguzi wa vinasaba, katika ripoti za 2018 na 2020, waliona kwamba waliorithi mwelekeo wa HDL ya juu wana hatari iliyozidi kidogo. Vinasaba mtu huzaliwa navyo, ugonjwa hauwezi kuvigeuza, ndiyo maana ushahidi huu naupa uzito, ingawa sijaona bado maelezo ya kuniridhisha.

Trigliseridi nazo hukutwa eneo la tukio mara nyingi, lakini mshukiwa wangu ni unene. Mwanamke akishakoma hedhi, estrojeni yake nyingi hutengenezwa kwenye mafuta ya mwili, na mnene huyohuyo ndiye mara nyingi mwenye trigliseridi za juu. Ukipima damu tu, utamkamata jirani ukamwacha mhusika.

Kinachonishawishi zaidi ni kutenganisha maswali mawili: kuupata ugonjwa, na ugonjwa kurudi baada ya matibabu. Statini, dawa za kushusha lehemu, hazijaonekana kuzuia saratani ya matiti isianze. Lakini huko Denmark, utafiti wa 2011 uliwakuta wagonjwa waliokuwa wakimeza simvastatini wakirudiwa na ugonjwa kwa uchache zaidi. Hawakupangwa kwa bahati nasibu nani ameze dawa na nani asimeze, kwa hiyo pengine walitofautiana na wenzao kwa mengine pia. Mwenye mshale kwenye LDL leo huenda akaandikiwa statini kwa ajili ya mishipa yake. Mamografia, yaani picha ya eksirei ya kutafuta saratani ya matiti, ina foleni yake.