Msimamizi wa mirathi si mrithi

Ukipita Magomeni, Buguruni au Keko hapa Dar es Salaam utayakuta ukutani, kwa rangi nyekundu na herufi za haraka haraka: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hudhani wanaofukuzwa ni madalali. Kwa niliyoyaona, mara nyingi anayeambiwa ni mtu wa ndani: baba mdogo, kaka mkubwa, shangazi mwenye barua ya mahakama kwenye mkoba. Kwetu maandishi hayo yaliwekwa mwaka wa tatu tangu baba afariki, na aliyeshika brashi ni mama.

Baba hakuacha wosia. Tulimgusia mara moja akacheka, na shangazi akatukemea kwamba huo ni uchuro. Baada ya arobaini wazee wakaketi sebuleni, muhtasari ukaandikwa, baba mdogo akapendekezwa kwa sababu moja tu: ndiye mkubwa aliyebaki. Mama alikuwa uani na sufuria la pilau. Sahihi yake imo kwenye muhtasari, ila hakuna aliyemuuliza neno. Mahakama ya mwanzo ikamteua baba mdogo, na kuanzia mwezi uliofuata kodi ya vyumba sita na fremu mbili za barazani ikawa inapokelewa naye. Tulipouliza, alijibu kwa upole kabisa: "Wanangu, mahakama imenikabidhi mimi."

Hapo ndipo penye ugonjwa. Kukabidhiwa tukakusikia kama kupewa.

Nadhani hata lugha inatuponza. Sheria ina neno mdhamini, mtu anayeshika mali kwa faida ya wengine. Ndiyo maana misikiti, makanisa na vyama vina bodi za wadhamini zilizosajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Lakini mtaani mdhamini ni anayekutoa polisi, au kampuni yenye jina kifuani mwa jezi. Na msimamizi? Ni bosi wa saiti, anayesimama kivulini wengine wakibeba zege. Neno lenye uzito wake lipo, ni amana, ila sisi wa Ilala tukilisikia tunawaza hospitali. Amana ni kitu ulichoachiwa na unachotakiwa kukirudisha kama kilivyo. Anayesimamia mirathi ameshika amana, hata kama sheria haimwiti hivyo.

Na sheria yenyewe haikumwacha huru. Kanuni za mirathi za mahakama za mwanzo, zilizopo tangu 1971, zinamtaka ndani ya miezi minne awasilishe Fomu namba V, orodha ya mali yote na madeni yote ya marehemu. Baadaye inafuata Fomu namba VI: kilichokusanywa, kilicholipwa, nani kapata nini. Kwa mirathi zinazofunguliwa mahakama za juu chini ya sheria ya mirathi, Sura ya 352, ni miezi sita kwa orodha, na mwaka mmoja kwa hesabu. Asipofanya bila sababu ya maana, warithi wanaweza kuiomba mahakama itengue uteuzi wake. Sisi watoto watano, wawili tumesoma chuo, hatukuwahi kuzisikia fomu hizo. Nilizijua siku nilipokwenda Temeke, kwenye kituo jumuishi cha mahakama ambacho tangu 2021 kinashughulikia mashauri ya mirathi na ndoa ya jiji hili. Karani alifungua faili, akapekua, akaniuliza mimi: "Fomu namba tano iko wapi?"

Sisi ni Waislamu, mafungu yanajulikana. Mama ana thumuni yake, yaani moja ya nane, watoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Baba hata angeandika wosia asingeweza kuusia zaidi ya theluthi, wala kumwongezea mrithi mmoja bila wenzake kuridhia. Jirani yetu aliyefiwa na mume alikuwa na hali mbaya zaidi: mirathi yao ilikwenda kimila, na tamko la sheria za kimila la 1963 halimpi mjane fungu katika mali ya mumewe iwapo kuna ndugu wa ukoo. Mahakama Kuu ilishakiri mwaka 2006 kwamba kanuni hizo zinabagua, ikakataa kuzifuta. Kwa mume ambaye mirathi yake itakwenda kimila wosia si anasa. Chini ya tamko hilo hilo anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, asiyejua wanne, na mke naye ashuhudie. RITA wanaandika na kuhifadhi nyosia pia. Usiuache tu kabatini, kabati lina funguo nyingi.

Lakini nisidanganye kwamba wosia ungetuokoa. Wosia nao unatekelezwa na mtu, na asiyeulizwa hesabu atafanya yale yale. Mnunuzi aliyeletwa kwetu alikuwa na uhakika kabisa, maana kwenye hati jina la baba lilishatoka na la baba mdogo limeingia. Dalali alimwonyesha jina. Maneno yanayofuata jina hilo, kwamba ameandikwa kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani, hakumsomea.

Hakimu alimwita baba mdogo. Akaja na daftari la shule, kurasa nne, kodi za miezi saba kati ya thelathini na ushee. Sidhani kama alikuwa mwizi. Alisomesha watoto wake, alizika watu, alitengeneza paa mara moja, yote kutoka mfuko mmoja, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba mfuko ule si wake.

Ningetaka jambo moja dogo. Siku ya uteuzi, hakimu awaite warithi wote mbele, mjane akiwa wa kwanza, asome kwa sauti tarehe ambayo Fomu namba V inatakiwa, na kila mmoja aondoke na nakala yenye tarehe hiyo. Karatasi moja. Mama yangu angeibandika jikoni, na rangi nyekundu tusingeinunua.