Kanzu ya Ijumaa

Najua ile picha yangu mmeshaiona. Rafiki yangu wa kijiwe cha kahawa, hapahapa Mikindani, kaisambaza na maneno "mganga mpya kaingia mjini". Haya, sikilizeni kwa mgonjwa mwenyewe.

Landrover 109 ya marehemu baba kila asubuhi inaacha dimbwi la oili. Fundi akasema sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini, gea boksi ishushwe. Kwa bei ile korosho zangu zote zinaondoka. Nikabisha: oili inaweza kuvuja juu, ikateremka kwenye bloku ya injini, feni ikaisukuma nyuma, ukasingizia sili. Nikaosha injini kwa dizeli, nikaikausha, nikaipaka poda ya mtoto (mama watoto bado kanuna), nikawasha. Mstari mweusi ukaanzia kwenye swichi ya presha ya oili, ile inayowasha taa ya oili kwenye dashibodi, jirani na filta. Kidude kama kizibo cha soda! Nikakifungua, nikazungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, nikakirudisha kwa vidole. Spana baadaye.

Nikaoga, nikavaa kanzu ya Ijumaa. Nikasema nipite nitazame, dakika moja tu. Wenzangu wa "dakika moja tu", mpo?

Nikainama. Mpwa wangu yuko kwenye usukani.

"Mjomba, niwashe?"

"Washa."

"Nikanyage?"

"Kanyaga!"

Swichi ikaanza kutetemeka. Ikajizungusha nusu. Nikawa nawaza, hivi spana yake namba ngapi? Ikachomoka, ikagonga boneti, paa! Oili ikaja nyuma yake, vuguvugu, nyeusi tii, ikaanzia kifuani ikapanda kidevuni. Nikafungua mdomo niseme "zima". Ndiyo niliyoimeza. Feni nayo ikaikumbuka poda iliyobaki, ikanipaka yote usoni. Dogo haoni, boneti imemziba. Anasikia tu "mmmh! mmmh!" Akaongeza mafuta.

Swichi tuliiokota kwenye korosho za jirani. Adhuhuri niliswalia nyumbani. Spana ikapita, oili mpya lita 4, kanzu sasa ni tambara la gereji.

Jana fundi kaja. Kachungulia chini, hakuna tone. Nikaanza kutanua kifua. Akazungusha ufunguo: taa ya oili kimya. Tepu imeizuia swichi kupata athi, yaani kugusana na chuma cha injini ili taa iwake.

"Ifungue tena, mganga."

Leo nimevaa msuli.