Bei Ibandikwe Mlangoni

Miongoni mwa mambo ya Paris ambayo sijayachoka ni kusimama nje ya mgahawa, nikasoma orodha ya vyakula na bei zake, kisha nikaenda zangu bila mtu kunitazama kwa jicho baya. Amri ya serikali ya Ufaransa ya mwaka 1987 inamlazimu mwenye mgahawa kubandika orodha hiyo pale inapoonekana kutoka nje, angalau kuanzia saa tano na nusu asubuhi kwa chakula cha mchana na saa kumi na mbili jioni kwa cha usiku. Bei hiyo imekwisha kujumuisha malipo ya huduma, na maji ya bomba huletwa bure ukiyaomba. Kwa hiyo mtu wa kipato changu, akichagua baina ya bistro, yaani mgahawa mdogo wa kawaida, yenye chakula cha siku kilichoandikwa kwa chaki na mgahawa wenye nyota za Michelin, mwongozo ulioanzishwa mwaka 1900 na watengenezaji wa matairi, anajua fedha itakayomtoka kabla hajavuta kiti. Mimi huishia kwenye bistro.

Sasa njoo Tanga, uingie katika hoteli mojawapo ya zile zinazojiona. Utaletewa menyu yenye jalada la ngozi, uagize kamba, uambiwe wamekwisha. Uagize pweza, uambiwe subiri jikoni waulizwe. Mwisho utakula kuku na chipsi ambazo ungezipata Ngamiani bila kuvaa viatu vya kubana, na bei kamili utaijua wakati wa kulipa.

Najua nitakayoambiwa: huyu ameonja jibini, leo anaudharau wali wa nazi. Siudharau. Hapa Paris nimewahi kulipa fedha ya kuumiza kwa kipande cha samaki chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, ambacho mama lishe wa Chumbageni angeona haya kukiweka mbele ya mgeni. Tena bistro nyingi hufunga jiko baada ya chakula cha mchana hadi jioni, na ukichelewa hata machozi hayakusaidii. Isitoshe, mama lishe huyo ndiye mkweli kuliko wote, kwani hujaketi amekwisha kukutajia alichopika na bei yake. Ninaowalalamikia ni wale wanaotutoza gharama za zulia na kiyoyozi, kisha wakaona kuitaja bei ni ushamba.

Wengine watasema kwetu hakuhitajiwi ubao kwa kuwa tunajuana. Tunajuana nani? Mgeni aliyeshuka basi kutoka Arusha hajuani na mtu, na ndiye anayeongezewa bei. Na huyo anayejitetea kwamba bei ya samaki hubadilika kila siku mnadani, akumbuke kwamba hata huku hubadilika, na ndiyo sababu wenye bistro wanaandika kwa chaki.