Kilomita 5 kwa Kichwa cha Kilomita 21

Mara ya kwanza nilipokimbia mita 5,000 pale uwanja wa Gombani, Pemba, nilivuka mstari nikiwa na pumzi ya kutosha kuuliza mpira wa jioni unaanza saa ngapi. Kocha akanitazama viatu, akanitazama uso: “Wewe hukukimbia. Umewasindikiza wenzako.”

Alisema kweli. Miguu ilikuwepo uwanjani, kichwa kilibaki barabara ya Wete, kwenye kilomita zangu 21. Ubishi wetu wa mbio ndefu ukaanzia hapo: ukishuka masafa mafupi, subira uiache nyumbani au uende nayo?

Wanaosema iachwe wana hesabu yao. Anayekimbia nusu marathoni kwa dakika 4 na sekunde 30 kila kilomita, uwanjani anaweza kulenga 4:15. Hiyo ni tofauti ya sekunde 6 tu kwa mzunguko wa mita 400, lakini mizunguko yenyewe ni 12 na nusu, na ulichopoteza mwanzoni hupati pa kukifidia. Halafu yapo maumivu. Barabarani, kifua kikiwaka mapema ujue umekosea, punguza. Uwanjani kuwaka ndiyo kazi yenyewe, na kunaanza mzunguko wa nne. Asiyeambiwa hilo mapema hudhani anaumwa. Tena wanamtaja Mtanzania Filbert Bayi: Christchurch, 1974, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo akaweka rekodi ya dunia, 3:32.2. Hakumngoja mtu.

Ila Bayi alikuwa mtu wa 1,500, si mimi wa kilomita 21, na hapo upande wa pili unapata pa kushika. Dakika ya kwanza mwili hukudanganya. Pumzi haijaufikia mwendo, unajiona ndege. Wangapi tulioambiwa “toka na nguvu” tukafia mzunguko wa saba! Na subira haiui kasi: Tokyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu alisubiri mpaka mita za mwisho za marathoni, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 na kuwa bingwa wa dunia.

Mimi naegemea upande wa kwanza, ila subira nimeiachia mita 200 za mwanzo. Baada ya hapo sitaki kuisikia. Mzunguko wa nane mpaka wa kumi ndio mbaya: umechoka, kengele ya mzunguko wa mwisho bado, na ile akili ya barabarani inakunong'oneza ujibakizie. Ujibakizie nini, na zimebaki dakika saba?

Sehemu hiyo naizoea mazoezini, baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijachoma. Mita 1,000 mara tano, mapumziko dakika moja na nusu, na ninayoikimbia kwa kasi kuliko zote ni ya nne. Ya tano kila mtu anaiweza, kwa kuwa anajua akimaliza anakwenda kunywa chai.