Wamarekani Wanapiga Upya, Sisi Tunasimulia

Huku Marekani, filamu ya nje ikifanya vizuri, watayarishaji hawaulizi nani ataitafsiri. Wanauliza nani ataicheza upya kwa Kiingereza. Kwetu Afrika Mashariki mambo huenda kwa njia nyingine kabisa: mtu anakaa na maikrofoni, anashusha sauti ya filamu, anasimulia juu yake, na kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, kinajaa. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walijijengea majina hivyo, filamu iwe ya Kihindi, ya Kichina au ya Kimarekani.

Ukiziweka njia hizi mbili kwenye mizani, filamu nyingi zinazorudiwa huku ndani ya miaka miwili mitatu hazikuhitajika. Nyingi, si zote.

Chukua REC ya Hispania, ya 2007. Mtangazaji na mpigapicha wake wanafungiwa ndani ya jengo lenye ugonjwa, na kila kitu tunakiona kupitia kamera ile moja ya mkononi. Oktoba 2008 Marekani ikatoa Quarantine: jengo lile lile, wazimamoto wale wale, hata picha ya mwisho gizani ni ile ile. Ile ya Kihispania ilikuja kutolewa Marekani kwa diski Julai 2009, nakala ikiwa imeshatangulia. Hapo ndipo penye mchezo wenyewe. Haki ya kusambaza filamu na haki ya kuitengeneza upya ni vitu viwili, lakini mnunuzi mmoja anaweza kuvishika vyote. Akiona ya pili ina faida zaidi, ya kwanza anaiweka kabatini hadi nakala itoke. Halafu mtazamaji anaambiwa kwamba filamu za nje hazina soko.

Kwa kawaida mkataba huanza na malipo madogo ya kushikilia haki, mwaka mmoja au mwaka na nusu, na bei kamili hulipwa upigaji picha unapokaribia. Wanasheria huangalia kwanza kama hadithi ilitoka kwenye riwaya, kwa sababu mwenye filamu si lazima awe mwenye kitabu. Ndiyo maana utasikia watu wakisema hawarudii filamu, wanarudi kitabuni. Hivyo ndivyo ilivyosemwa The Girl with the Dragon Tattoo ya David Fincher ilipotoka 2011, miaka miwili tu baada ya ile ya Kiswidi. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila isingesikika kwa sauti kubwa kiasi kile kama ile ya kwanza ingekuwa ya Kiingereza.

Tuwe wakweli kuhusu pesa. Intouchables ya Ufaransa, ya 2011, ilipita dola milioni 400 duniani, lakini ndani ya Marekani haikufika hata milioni 15. The Upside, nakala yake iliyoingia kumbini 2019, ikapata zaidi ya milioni 100 humo humo Marekani. Kwa mhasibu, mjadala umekwisha. Kwa mtazamaji haujaisha, maana takwimu hizo zinaonyesha tu kwamba Mmarekani hakuzoeshwa kusoma maandishi ya chini ya skrini. Hazionyeshi kama hadithi ilikuwa na kasoro ya kurekebishwa.

Nakala za lazima zipo. La Famille Bélier ya Ufaransa, ya 2014, ina wazazi viziwi waliochezwa na waigizaji wanaosikia. CODA, nakala yake ya Kimarekani ya 2021, ikawaweka viziwi wenyewe, na Troy Kotsur akachukua Oscar. Lakini sifa ninayoipa zaidi haizungumzwi sana. Ufaransa familia ile ni ya wafugaji. CODA imeipeleka baharini, Gloucester, Massachusetts. Kwenye boti ya uvuvi lazima awepo mtu wa kusikia redio na honi ya walinzi wa pwani. Binti yao, anayesikia peke yake katika familia, asipopanda, boti inasimamishwa na baba anapigwa faini. Kwa hiyo binti kubaki nyumbani au kwenda kusomea uimbaji si suala la mapenzi ya wazazi peke yake, ni suala la leseni. Mwandishi amebadilisha kazi tu, na hadithi nzima imekaza.

Mfano mwingine ni Perfetti sconosciuti ya Italia, ya 2016: marafiki saba, meza moja, usiku mmoja, simu zote mezani, kila ujumbe unasomwa kwa sauti. Kufikia 2019 Guinness, watunza rekodi za dunia, walikuwa wamehesabu matoleo 18. Hispania, Ufaransa na Ujerumani zilitengeneza ya kwao, na hizo ni nchi ambazo filamu za nje huingiziwa sauti za waigizaji wa huko, kwa hiyo lugha haikuwa kizuizi. Kinachobadilika ni siri gani inavunja ndoa, nani anaruhusiwa kucheka, na nani anaondoka mezani. Toleo la Kiarabu la 2022 lilizua ugomvi mkubwa Misri kwa simu zile zile ambazo kwingine zilikuwa kichekesho. Hadithi ya namna hii ukiirudia katika kila nchi, unapata filamu tofauti kila mara.

Ugonjwa wa nakala nyingi ni kuogopa ukimya, na hapa hata wasimulizi wetu hawaponi. Force Majeure ya Uswidi, ya 2014, ina baba aliyekaa na familia yake kwenye baraza la hoteli milimani. Maporomoko ya theluji yanashuka, kamera haisogei, naye ananyakua simu na glavu zake na kukimbia, mke na watoto wamebaki. Wingu jeupe linafunika skrini yote. Likitawanyika, anarudi, anaketi, wanaendelea kula. Filamu nzima imo katika zile sekunde ambazo hakuna asemaye kitu. Ya awali ina karibu saa mbili. Nakala ya 2020, Downhill, ina dakika 86, na nafasi za kimya zimejazwa maneno. Msimulizi wa kwetu naye pale angetupia mzaha, kwa sababu akinyamaza nusu dakika watazamaji wanadhani mashine imezima.

Tena tuna imani moja na Hollywood: steringi hafi. (Ambaye hajaiona Speak No Evil aruke hapa.) Ile ya Kidenmarki, ya 2022, ina mazungumzo mengi ya Kiingereza, kwa hiyo hata kisingizio cha lugha hakipo. Familia ya wageni inaangamizwa kwa sababu ya adabu yao: waliona haya kuondoka mapema nyumbani kwa wenyeji wao. Nakala ya 2024 inawapa mapambano na inawatoa salama. Ukiwaokoa, ule woga wa kuonekana mkorofi haukuwagharimu kitu.

Kinachozitetea filamu hizi za kurudiwa, huku na kwetu, ni maandishi ya chini yaliyofanywa ovyo. Kanuni ya Netflix ni mistari miwili, herufi 42 kila mstari, na kipande kisikae zaidi ya sekunde saba. Kiswahili kinabana hapo: “nitakapomwambia” ni herufi 15 kwa neno moja lisilokatika katikati. Dawa ni kufupisha wazo kabla ya kutafsiri neno. Kwa upande mwingine, “amekuja” haisemi ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kulificha kwa urahisi. Kwenye filamu ya muuaji asiyejulikana hiyo ni zawadi, mpaka mfasiri aiharibu kwa kuandika “jamaa”.

Kosa la pili ni la kasi. Faili la maandishi lililopangwa kwa picha 25 kwa sekunde, likiwekwa kwenye filamu ya 23.976, linaanza sawasawa, lakini ikifika saa moja maneno yanatangulia midomo kwa kama dakika mbili na nusu. Wengi husogeza maandishi kwa sekunde kadhaa, yanakaa sawa kwa muda mfupi, kisha yanaharibika tena. Tofauti ikiwa ni ile ile mwanzo hadi mwisho, sogeza. Ikiwa inaongezeka, badilisha kasi: kila muda uzidishwe kwa 1.0427, kisha hakiki sentensi ya kwanza na ya mwisho ya filamu.