Sikumtukana Mama Mkwe, Nilimsifu

Kabla hamjaendelea kusambaza ile klipu ya binamu, eti nimewatukana wakwe wa dada, nisikilizeni. Ameikatakata. Hakuna mahali niliposema mahari ni kidogo. Lile la mama mkwe wa dada, haya, hilo nilisema.

Si mnajua dada anaolewa na Mwingereza? Jumamosi wakwe wakaja, wazee wakanisukumia mimi niwakaribishe, eti nina Kiingereza. Ninacho, ila ni cha marehemu babu: Biblia ya King James ya mwaka 1611 na kamusi isiyo na jalada. Humo kwenye Biblia, Mungu akiombwa anaitwa "thou". Nikajiambia basi hiyo ndiyo shikamoo yao. Kwenye kamusi nikaokota "awful": chenye kutia hofu na heshima kuu. Mama mkwe huyo, nikasema.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikafunga kifungo cha koti la kuazima. Yule mama ananitazama, kofia ya maua, tabasamu hadi masikioni. "Thou," nikaanza, nikatua kama mchungaji. Tabasamu likapungua. "Art." Shemeji akaacha kutafuna, sambusa shavuni. "An awful mother."

Feni tu ndiyo iliyosikika.

Halafu baba, ambaye Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji, akapiga makofi. Wazee wakafuata. Shangazi akaachia kigelegele. Nami (wewe unayecheka hapo, nakuona) nikadhani nimepatia. Nikarudia. Kwa sauti zaidi.

Kumbe mama ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza! Alicheka mpaka kofia ikadondokea kwenye kachumbari. Kwenye pilau akanifundisha: "awful" ilikuwa kweli ya kicho, lakini kufikia karne ya 19 watu walishaigeuza kuwa "mbovu kabisa". Na "thou" kwenye Biblia ile ni "wewe" wa mtu mmoja tu, awe Mungu au mtumishi. Kwenye mazungumzo ya watu ilikuwa ya watoto, watumishi na wapenzi. Mkubwa aliambiwa "you". Mwaka 1603 mwendesha mashtaka Edward Coke alimtupia Walter Raleigh, bwana mkubwa aliyeshtakiwa kwa uhaini, "thou" mahakamani makusudi, kumdhalilisha. Yaani nilimwambia mkwe "we!" mbele ya ukoo mzima.

Mahari yalipokelewa, tarehe ikapangwa, yakaisha.

Isipokuwa jana mama kanitumia ujumbe: "How art thou?" Sijajibu. Sijui ananipenda au kaniweka na watoto.