Nzi wa okidi wa Japani: apigwe vita au aachwe?

Mkulima wa maharage anamjua vizuri nzi mdogo anayetaga kwenye mche mchanga, buu likachimba ndani ya shina na mche ukanyauka. Japani kuna ndugu yake wa familia hiyohiyo, Japanagromyza tokunagai, ambaye makazi yake ni okidi, jamii ya mimea ya maua. Buu lake hula bua la maua na matunda machanga kutoka ndani. Kwa nje huoni kitu mpaka tunda linapoanza kuwa jeusi. Ukilipasua, mahali pa maelfu ya mbegu zilizo laini kama vumbi unakuta uchafu wa buu tu.

Watafiti wa huko, akiwemo Kenji Suetsugu wa Chuo Kikuu cha Kobe, wamemtaja kuwa tishio kwa okidi za mwituni, na majaribio ya kufunika maua kwa vifuko yameonyesha kwamba nzi akizuiwa kutaga, matunda hupona. Kwa hiyo wanaotaka adhibitiwe wana hoja nzito: okidi nyingi zimeshapungua kwa kuchimbwa na wakusanyaji na kwa kukatwa misitu, na kundi lililobaki na mashina machache haliwezi kumudu msimu mzima bila mbegu.

Upande wa pili nao haubahatishi. Mbegu ya okidi haina akiba ya chakula, hivyo haioti bila kuvu wa kuilisha. Tunda likiokolewa huku udongo hauna kuvu huyo, faida yake ni ndogo. Tena okidi nyingi huishi miaka mingi, na mwaka mmoja mbaya si lazima uwe msiba. Dawa ya kupulizia ndiyo siiafiki kabisa msituni, maana haichagui: inamuua nzi, inamuua na nyuki anayechavusha.

Kifuko ni afadhali, ila nacho kina masharti. Okidi inayojichavusha yenyewe, ifunike mapema, hupotezi kitu. Kwa ile inayotegemea wadudu, ukiwahi kufunika umezuia mbegu kwa mkono wako mwenyewe. Inabidi usubiri uchavushaji upite, na siku hizo za kusubiri nzi naye yuko kazini. Ningefunika pale tu mimea inapohesabika kwa vidole. Kwenye kundi kubwa lenye afya ningemwacha nzi ale sehemu yake, na nguvu ningezipeleka kuwazuia wanaoingia msituni na majembe.